Mnyama wa Porini Akiingia Ndani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Popo wa kwanza kuingia chumbani kwangu nilimpiga kwa ufagio. Usiku ulikuwa umekwenda, taa inawaka, naye anazunguka chini ya dari, na kila alipopita katikati ya chumba niliona kama ananishukia kichwani. Nilikuwa nimeamini tangu utotoni kwamba popo humshukia mtu ili amnase nywele. Pigo la tatu lilimpata. Nilipomsogeza kwa kipande cha kadibodi, bawa lake likafunguka: ngozi nyembamba hata mwanga wa taa unapenya, na ndani yake mifupa mirefu, myembamba, mmoja umekatika katikati. Mifupa ile ni vidole. Bawa la popo ni mkono mzima, una kiwiko, kifundo na kidole gumba. Alikuwa bado anapumua, mdomo wazi. Dirisha lilikuwa hatua mbili kutoka pale, na mimi ndiye niliyelifunga.

Mengi tunayoambiana kuhusu mnyama aliyeingia ndani huishia namna hiyo. Tunajua cha kushika mkononi, ila hatujiulizi yeye anatafuta nini. Mara nyingi anatafuta pa kutokea tu.

“Popo haoni, ndiyo maana hujibamiza na kunasa nywele”

Hakuna popo kipofu. Wote wanaona, na wale wadogo wanaokula wadudu wana kingine zaidi ya macho: hutoa sauti kali ambazo masikio yetu hayazipati, kisha husikiliza mwangwi wake. Kwa mwangwi huo humdaka mdudu angani, gizani. Anayemdaka mdudu gizani hawezi kukosea kichwa cha mtu. Kinachotutisha ni namna anavyoruka ndani ya chumba: akikaribia ukuta hupanda na kupunguza mwendo ili ageuke, kisha hushuka tena kuongeza kasi. Sehemu ya chini ya mzunguko huo huwa katikati ya chumba, palepale tunaposimama na ufagio.

Kwa hiyo kaa ukutani. Funga mlango unaoelekea vyumba vingine, fungua madirisha ya nje yote mpaka mwisho, zima taa za ndani, na usisahau kuzima feni. Paka na watoto watoke. Kisha subiri kimya. Mara nyingi hachukui muda kuipata hewa ya nje. Akichoka na kujishikiza kwenye pazia, vaa glavu nene, mfunike kwa boksi dogo, penyeza kadibodi kati ya boksi na pazia, mtoe nje. Usimwache chini. Popo wengi hupata tabu kuruka wakiwa ardhini. Mwegeshe kwenye shina la mti au ukutani, juu kidogo, ajishike mwenyewe.

Kuna dhana ya upande wa pili ambayo ni hatari zaidi: kwamba popo ni mdogo mno kumdhuru mtu. Popo wengi hawana kichaa cha mbwa, na katika dunia nzima mbwa ndio wanaowaambukiza binadamu karibu wote wanaougua. Lakini popo anaweza kuwa nacho, na meno yake ni madogo kiasi kwamba jeraha linaweza lisionekane. Mtu akiamka akamkuta popo chumbani, au popo akikutwa alipolala mtoto, usianze kubishana kama ameuma au hakuuma. Hapo usimwachie aende. Mfungie palepale ili wataalamu wamchukue wampime. Jeraha au mkwaruzo, hata mdogo, uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Chanjo ikiwahi inaokoa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kumhurumia mnyama hakutuondolei wajibu huu.

“Nyoka ukimuua, mwenziwe atakuja kulipiza”

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapokufa.

Nyoka hawaishi kama mke na mume. Hukutana wakati wa kupandana, kisha kila mmoja hushika njia yake. Hawaombolezi, na hakuna nyoka anayekariri nyumba ya mtu. Hadithi ya kisasi huenda ilipata nguvu kutokana na jambo la kweli: dume hufuata harufu ambayo jike huiacha anapotambaa. Jike akipita ndani mwako wakati huo, dume anaweza kupita njia ileile, na mtu aliyemuua wa kwanza akimwona wa pili ataapa kwamba amekuja kudai damu. Amefuata harufu. Na wa kwanza naye alikuwa na sababu yake: panya, chura, mjusi, au kona yenye utulivu.

Waswahili husema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hofu hiyo siidharau. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa; mwaka 2017 shirika hilo liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Ila tazama pia hesabu nyingine: katika aina zaidi ya 3,000 za nyoka duniani, zenye sumu ni kama 600, na zinazoweza kumdhuru mtu vibaya ni kama 200. Aliyejikunja nyuma ya kabati lako huenda ni miongoni mwa wasio na sumu kabisa. Wewe hujui, na umbo la kichwa halikwambii kwa uhakika. Ndiyo sababu ya kutomsogelea, iwe ni kwa kumpiga au kwa kumshika. Wapo wanaoumwa katika hilo hasa, fimbo mkononi. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma muda mrefu baadaye, kwa sababu mishipa ya fahamu bado inafanya kazi.

Toa watu wote na wanyama wa nyumbani. Mtu mmoja mzima abaki akimwangalia kwa mbali, kwani nyoka asiyejulikana alipo ndiye anayewakosesha watu usingizi wiki nzima. Mita mbili hazitoshi kwa swila, anayeweza kutema sumu zaidi ya umbali huo na kulenga macho. Chumba kikiwa na mlango wa nje, ufungue, uondoke njiani na utulie. Nyoka hupenda kutambaa akifuata ukuta, na akikosa kusumbuliwa hutoka. Kisipokuwa nao, funga mlango, ziba upenyo wa chini kwa taulo, na uwaite wanaohusika na wanyamapori, zimamoto, au mtu aliyefunzwa kukamata nyoka. Piga picha ikiwa unaweza bila kusogea, itamsaidia anayekuja.

Kummwagia mafuta ya taa ni ukatili, na ndani ya nyumba ni kualika moto. Chumvi na kitunguu saumu havimzuii. Maziwa hayamwiti, nyoka hanywi maziwa kwa kuyapenda, na mwili wake haukuumbwa kuyameng’enya.

Aliyeumwa asikatwe chale, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba ya kukaza. Vueni pete na bangili kabla ya uvimbe, mguu au mkono utulizwe usichezechezwe, na abebwe kwenda hospitali, asitembee. Sumu iliyotemwa machoni ioshwe kwa maji mengi, papo hapo, kisha hospitali vilevile.

“Mjusi kafiri ana sumu, na akikugusa utapata ugonjwa wa ngozi”

Hana sumu. Mguso wake hauleti madoa wala mabaka. Anaweza kubeba bakteria wa salmonela, kwa hiyo nawa mikono na funika chakula, basi. Usiku kucha anakula mbu na nondo kwenye ukuta wako. Ukimbana mkia kwa mlango, hukatika na kuota mwingine, lakini kuukuza upya kunamgharimu nguvu nyingi. Usimkate kwa mchezo wa watoto.

“Ukimgusa kinda, mama yake atamkataa”

Dhana hii ina nia njema, na kwa nia hiyohiyo makinda wengi huachwa wafe chini ya mti, au hubebwa ndani bila sababu. Ndege wengi hawategemei pua kumtambua mtoto wao. Wanamtambua kwa sauti na kwa mahali alipo, nao wametumia nguvu nyingi mno kumlea hata wamtupe kwa sababu ya harufu ya mkono. Aliye uchi, macho yamefumba, mrudishe kwenye kiota kwa upole. Aliyeota manyoya na anarukaruka, mkia bado kipande, hajapotea. Anajifunza, na wazazi wake wako karibu wanakungoja uondoke. Mwondoe tu njiani, mweke kichakani.

Ndege mzima akiingia ndani, hufuata mwanga. Vuta mapazia yote isipokuwa la dirisha moja lililo wazi, zima taa, toka chumbani. Akigonga kioo akaanguka, mweke kwenye boksi lenye matundu, giza na utulivu, saa moja au mbili, kisha lifungulie nje. Na tafadhali usimtilie maji mdomoni. Ukimfungua ndege mdomo utaona tundu dogo nyuma tu ya ulimi, linalofumbuka na kufumba anapopumua. Hilo ni koo la hewa. Tone unalolidondosha kwa huruma linaweza kuingia moja kwa moja kwenye mapafu.

“Gundi ya panya ni afadhali, haina damu wala sumu”

Nimewahi kuona mjusi kwenye ubao wa gundi. Alikuwa amenasa kwa kidevu, tumbo na miguu yote, macho tu ndiyo yaliyokuwa yanacheza. Panya aliyenasa hufa polepole kwa kiu, hofu na kuchoka, saa nyingi, pengine zaidi ya siku, na wapo wanaojichuna ngozi au kutafuna mguu wao wakijaribu kujinasua. Gundi pia haichagui: hunasa ndege, nyoka wadogo, hata paka wachanga. Katika England sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Julai 2024 imekataza watu wa kawaida kuitumia, na naona walifanya jambo la haki. Ukimkuta kiumbe asiyehusika amenasa, vaa glavu, mpakaze mafuta ya kupikia kidogo kidogo palipogandana, subiri yalainike, usimvute.

Sumu ya panya nayo haimalizi kazi haraka kama wengi wanavyodhani. Nyingi huzuia damu kuganda, na panya hukaa siku kadhaa akidhoofika kabla ya kufa. Katika siku hizo anayumba, hakimbii, na huwa rahisi kukamatwa na paka wako, au na bundi.

Bundi amebebeshwa mengi. Akitua juu ya paa watu hungoja msiba, wengine humtupia mawe. Amefuata panya. Akiingia ndani kwa bahati mbaya, mfanyie kama ndege mwingine yeyote, ila jihadhari na kucha zake kuliko mdomo: kucha ndizo silaha. Taulo nene au blanketi, mfunike mzimamzima, mtoe jioni.

Mengine nayapitia haraka. Nungunungu harushi miiba. Miiba hubanduka ikikugusa, kwa hiyo usimbane kwenye kona. Nyani anayekukenulia meno jikoni hacheki. Ana hofu au anaonya. Usimkazie macho, usimzibie mlango. Mnyama wa usiku akionekana mchana si lazima awe anaumwa, kwani mama anayenyonyesha hutafuta chakula hata jua likiwaka. Anayepepesuka, anayetokwa mate, anayekufuata badala ya kukukimbia, huyo kaa naye mbali na utoe taarifa.

“Huruma ni kumkamata na kumpeleka mbali sana”

Nilikuwa naiamini hii kwa moyo wote. Mnyama aliyetupwa mahali asipopajua hajui maji yalipo, hajui pa kujificha, na huangukia eneo la wengine wa aina yake ambao watampiga. Wengi hawadumu. Tena, ikiwa ni jike aliyejenga darini, umemwondoa yeye na kuwaacha watoto juu ya vichwa vyenu wakilia njaa. Nje ya mlango uleule alioingilia ni mbali vya kutosha kwa viumbe wengi. Aliye hatari aamuliwe na wataalamu.

Kinachobaki ni tundu. Panya mdogo hupita penye upana wa milimita sita tu, kama unene wa kalamu. Lakini usizibe kwa pupa. Msimu wa popo kulea, watoto wasioweza kuruka hubaki darini mama zao wakitoka, na ukiziba usiku umewazika hai. Subiri mpaka waruke. Kwa wengine, kunja gazeti, lisokomeze kwenye tundu bila kukaza, uliache. Aliyemo atalisukuma ili atoke, na wa nje atalisukuma ili arudi kwa watoto wake. Likianguka, kuna mnyama humo, rudia baadaye. Asubuhi ya tatu ukilikuta limekaa kama ulivyoliweka, na usiku hukusikia mikwaruzo wala vilio, leta wavu wa chuma na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, uzibe.