Je, wajua? Kuna wavu usio na tundu unaochuja mafuta

Kwa mara ya kwanza niliposhika kipande cha wavu wa chuma cha pua wenye namba 200 kwa 1,400, nilikiinua mbele ya taa. Sikuona hata nukta ya mwanga. Nikamwambia fundi amenipa bati. Akacheka, akakimiminia dizeli, na baada ya muda ikaanza kutona upande wa pili.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba tundu ni lazima likuelekee kama dirisha. Wavu wa mbu ndivyo ulivyo: mraba, na mwanga unapita. Nilikosea hata kwenye namba, nikidhani zinapima tundu. Kumbe ni hesabu ya nyaya kwenye inchi moja: 200 za mtande, yaani zilizonyooka kwa urefu, na 1,400 za mshindio, yaani zinazokatiza.

Hapo ndipo hesabu inapochekesha. Waya wa mshindio una unene wa takriban milimita 0.04. Zilaze 1,400 ubavu kwa ubavu, utahitaji milimita 56, na inchi ina 25.4 tu. Zinaenea vipi? Kila mshindio hupita juu ya mitande miwili, kisha chini ya miwili, kwa hiyo kwenye kila mtande nusu ziko juu na nusu chini. Bado ni milimita 28 upande mmoja, basi hugongwa na kubanwa mpaka zishikane. Mtande, ulio mnene zaidi, ndio unaobeba shinikizo. Huu huitwa ufumaji wa Kiholanzi.

Njia ya mafuta iko wapi? Fikiria kifumbu cha kukamulia tui. Ukindu umesukwa ukabana, huchungulii ukaona ng'ambo. Lakini kamua: tui linajipenyeza kimshazari kati ya ukindu na ukindu, machicha yanabaki. Mwanga haujui kukata kona, tui linajua. Ndani ya wavu huu vijia ni vya pembetatu, vimelala ubavu, na chembe kubwa kupita takriban mikroni 12, yaani elfu za milimita, hukwama. Unywele wa mtu una kama 70.

Ila namba hizo za mikroni za wavu zichukuliwe kwa tahadhari. Baadhi hupatikana kwa kupitisha vishanga vidogo vya kioo, navyo ni mviringo. Uchafu wa kiwandani si mviringo. Uzi wa pamba, hata ukiwa mrefu, ukitanguliza ncha hupenya kama mkunga kwenye mwamba.