Kabla Hujampeleka Kijana Wako Soba

Kila shule zinapofunguliwa, malalamiko hujaa mezani kwetu hapa soba. Mzazi anafika na kijana wa miaka 15 aliyefungwa kamba kwenye bajaji: "Kaeni naye hata mwaka, akinyooka mtanipigia." Uchungu wake tunauelewa. Lakini soba, yaani nyumba ya upataji nafuu kwa waraibu wa dawa za kulevya na pombe, si stoo ya mizigo.

Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, hata kama ameota ndevu na ameuza televisheni yako. Kumtesa, kumfunga minyororo au kumnyima chakula ili "arosto imfunze", yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi, ni kosa: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Karatasi uliyosaini kuruhusu apigwe haimkingi mwenye kituo, wala haikukingi wewe. Narudia kwa sababu karatasi hizo bado naletewa.

Anzia kwa afisa ustawi wa jamii, kisha hospitali, ndipo soba. Watu huruka hapo katikati. Aliyezoea pombe kali au valiamu (vidonge vya kutuliza) kila siku akikatishwa ghafla anaweza kushikwa na degedege na kufa. Huyo aanzie kwa daktari. Kuhusu kituo, piga 119, simu ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize kama kinatambuliwa. Halafu nenda ukaone kwa macho: watoto wanalala mbali na watu wazima? Mshauri nasaha ni nani? Dawa anazitunza nani? Ukiambiwa huruhusiwi kumwona mwanao kwa miezi, geuka naye.

Na methadoni haitibu bangi. Ni dawa ya waraibu wa heroini na vilevi vya jamii hiyo. Imeanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na hadi leo naombwa "kikombe" cha methadoni kwa kijana wa skanka, yaani bangi kali.

Shule nayo isifichwe. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurejea. Mwandikie mkuu wa shule kabla kijana hajaingia kituoni, nakala igongwe muhuri, ubaki nayo. Ukisema "yuko kwa bibi yake Tanga", daftari la mahudhurio litaandika utoro, na utoro ndio utakaokusumbua baadaye. Vitabu viende naye. Arosto ikishatulia, saa moja ya hesabu asubuhi inamsaidia hata kupangilia siku. Aliyeachwa mbali na wenzake ana njia ya Mtihani wa Maarifa (QT), kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, au VETA, yaani mafunzo ya ufundi stadi. Hakuna aibu yoyote katika VETA, wazazi wa mjini.

Siku ya kutoka ndiyo inayonitisha kuliko ya kuingia. Mwili wa aliyetumia heroini umeshasahau kipimo. Kete (kipakiti) ileile aliyoizoea inaweza kumuua mara moja. Mje kumchukua wenyewe, msimtumie nauli.