Kelele za nje na vioo vya madirisha: maswali ya wakazi wa Tabora

Je, kelele za usiku zinadhuru afya, au ni kero tu?

Zinadhuru. Sikio halilali, hata pale mtu asipozinduka, mwili wake huipokea sauti, mapigo ya moyo huongezeka, homoni za msongo hupanda na usingizi mzito hukatika. Hali hiyo ikijirudia kwa miaka mingi huhusishwa na shinikizo la juu la damu na magonjwa ya moyo, na kwa watoto huhusishwa na ugumu wa kusoma na kukumbuka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza kwamba ndani ya chumba cha kulala kelele ya mfululizo isizidi desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sauti ya mara moja, kama honi, isizidi desibeli 45.

Nyumba yangu ipo jirani na reli, na nyuma yake kuna mashine ya kusaga. Ninunue kioo gani?

Kabla ya kioo, tazama mianya. Sauti hupita popote hewa inapopita, na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo la dirisha unatosha kuzuia dirisha zima lisipunguze zaidi ya desibeli 20 hivi, hata likiwekewa kioo cha bei gani. Kwa sababu hiyo madirisha ya luva, yale ya vipande vya vioo vinavyopishana, hayafai kabisa kwa kazi hii. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma ni bora kidogo, lakini huacha nafasi pale milango yake miwili inapokutana. Dirisha la bawaba linalobana kwenye raba huziba vizuri zaidi. Mwambie fundi ajaze silikoni kati ya fremu na ukuta, maana mara nyingi sehemu hiyo hupigwa plasta juu juu tu.

Mianya ikishazibwa, ndipo unene wa kioo unapokuwa na maana. Kioo cha milimita 4 hupunguza takriban desibeli 29, na cha milimita 6 hufika 31 au 32. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai, kwa kuwa sikio huhitaji punguzo la desibeli 10 hivi ndipo lisikie kelele imeshuka kwa nusu. Kioo cha tabaka, yaani vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati, hufanya vizuri kuliko kioo kimoja cha unene uleule, kwa sababu utando huo huua mtetemo. Kioo cha rangi na kile kilichoimarishwa kwa joto vina sifa zake, lakini katika kuzuia kelele havizidi kioo cha kawaida cha unene huohuo.

Nimeshauriwa niweke vioo viwili vyenye hewa katikati. Ni kweli vinasaidia?

Inategemea nafasi iliyopo kati yake. Vioo viwili vya milimita 4 vilivyotenganishwa kwa milimita 12 vilibuniwa zaidi kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Kwa kelele nzito, kama muungurumo wa injini ya treni, jenereta au besi ya spika, havishindi sana kioo kimoja kinene. Kinachosaidia ni kuongeza dirisha la pili upande wa ndani, kwa umbali wa milimita 100 au zaidi, na kioo chake kiwe na unene tofauti na cha kwanza ili vyote viwili visitetemeke kwa pamoja. Pima kwanza upana wa ukuta, kwa kuwa nondo na wavu wa mbu huenda vimeshachukua nafasi hiyo.

Nikifunga madirisha yote, hewa itatoka wapi, hasa kwenye joto la Oktoba?

Hili ndilo swali ambalo wauza vioo hawaligusi. Chumba kisichopitisha hewa hurahisisha maambukizi ya kifua kikuu na magonjwa mengine ya njia ya hewa, na ukiingiza jiko la mkaa humo unaweza kuua familia usiku mmoja kwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Ziba vizuri dirisha linalotazama reli au barabara, lakini liache dirisha la upande uliotulia lifunguke, likiwa na wavu, na chandarua kibaki kitandani. Matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha nayo hupitisha kelele. Usiyazibe mpaka uwe umepata njia nyingine ya hewa.

Je, pazia zito linatosha?

Hapana. Hupunguza mwangwi ndani ya chumba, si kelele itokayo nje.

Fedha inatosha dirisha moja tu. Nianze na lipi?

Anza na la chumba anacholala mtoto mdogo, mgonjwa au mzee mwenye shinikizo la damu, ikiwa chumba hicho kinaelekea chanzo cha kelele. Kama inawezekana kumhamishia chumba cha upande wa pili, mhamishe, kwani hilo halina gharama. Na kama chanzo ni baa au mashine, zipo kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira: peleka malalamiko serikali ya mtaa au kwa afisa mazingira wa manispaa kabla hujamlipa fundi.