Kuvua kwa Ndoana Katika Mto Rufiji: Kibali, Hali ya Maji na Namna ya Kumwachia Samaki Aitwaye Njege

Kila mwaka, mvua zinapokatika na maji ya Mto Kilombero kuanza kurudi ndani ya kingo zake, sisi wataalamu wa uvuvi huulizwa swali lilelile: leseni ya kuvua kwa ndoana kwa ajili ya burudani katika Mto Rufiji inapatikana wapi, na bei yake ni kiasi gani? Ni swali la msingi, lakini lipo linalopaswa kulitangulia. Kabla ya kuuliza bei, mvuvi anapaswa kujua kwamba maji anayotaka kuvua yako chini ya mamlaka ya nani, na kwamba kwa wakati huo yana hali gani. Asiyeyajua hayo anaweza kuwa na leseni halali mfukoni na bado akavunja sheria, au akatii kila kifungu cha sheria na bado akaacha nyuma samaki waliokufa bila sababu.

Bonde la Rufiji lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mto huanza kuitwa Rufiji pale mito ya Kilombero na Luwegu inapokutana, karibu na maporomoko ya Shuguli. Kisha hupokea Ruaha Mkuu, hupita katika Korongo la Stiegler, hushuka Mloka na Utete, na kumwaga maji yake katika delta yenye msitu mkubwa kabisa wa mikoko katika mwambao wa Afrika Mashariki. Zaidi ya nusu ya maji hayo hutoka Kilombero, nayo Kilombero hulishwa na Mnyera na Ruhudji, mito inayoteremka kutoka nyanda za juu za Njombe na Mufindi. Katika safari hiyo yote mto hupita mikononi mwa wasimamizi mbalimbali, na hapo ndipo wageni wengi, na hata wenyeji, wanapojikwaa.

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 na marekebisho yaliyofuata, ndiyo msingi wa yote, na anayevua kwa burudani hana budi kuwa na leseni kama ilivyo kwa anayevua kwa biashara. Leseni hiyo, hata hivyo, haimfungulii mtu kila ukingo. Akivuka mpaka na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya kaskazini ya Pori la Akiba la Selous, yumo katika eneo la TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa. Maziwa ya Tagalala, Manze, Nzerakera na Siwandu, ambayo yanalishwa na mafuriko ya mto, yamo humo, na hakuna ruhusa ya kutupa ndoana katika maji hayo bila kibali cha hifadhi na kwa masharti yake. Katika mapori ya akiba, likiwemo lililoko bonde la Kilombero, mwenye mamlaka ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na hata kuingia tu kunahitaji kibali. Nje ya maeneo hayo, kwenye maji ya vijiji, mvuvi hukutana na Afisa Uvuvi wa halmashauri, serikali ya kijiji na, pale ilipoundwa, BMU, yaani kikundi cha wananchi cha kusimamia rasilimali za uvuvi. Ninashauri kila mara kwamba mtu aanze kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri anakokwenda, amtajie jina la sehemu halisi ya mto badala ya kusema “Rufiji” tu, na aondoke na jibu lililoandikwa.

Kuhusu zana, sheria haina utata. Baruti na sumu ni marufuku kila mahali, na sumu haina maana ya dawa za viwandani peke yake. Utupa, mmea ambao tangu zamani hupondwa na kumwagwa katika vidimbwi ili samaki walewe, nao umo katika katazo hilo. Kokoro, yaani wavu wa kukokota hadi ufukweni, na nyavu za timba, zilizosukwa kwa uzi mmoja wa plastiki, ni marufuku vilevile. Mvuvi wa ndoana anaweza kudhani kwamba hayo hayamhusu, lakini anayemkodi mtu wa kumtafutia chambo kwa kokoro anashiriki kosa lilelile.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, ambayo kwa kweli ndiyo hutawala mto huu. Mvua ya Rufiji haiji kwa kalenda moja. Nyanda za Njombe, Iringa na kusini mwa Morogoro hupata msimu mmoja wa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, wakati ukanda wa Pwani hupata vuli na masika. Kwa hiyo mtu aliyesimama Utete chini ya anga jeupe anaweza kuona maji yakipanda kwa sababu ya mvua iliyonyesha siku kadhaa kabla, mamia ya kilomita kutoka hapo. Kilele cha mafuriko kwa kawaida huwa kati ya Machi na Mei. Wakati huo maji huwa mazito kwa udongo, samaki hutawanyika katika mabonde yaliyofurika ambako chakula ni kingi na watoto wao hupata maficho, na kuvua kwa chambo bandia ni kupoteza muda. Kuanzia Julai maji hutulia na kuanza kung’aa. Agosti hadi Novemba ndipo wavuvi wa ndoana humiminika Mnyera, Ruhudji na Kilombero.

Tangu tarehe 22 Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa katika Korongo la Stiegler, lilipoanza kujazwa, hali ya mto chini ya korongo hilo haitegemei mvua peke yake. Mradi huo una mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na kiasi cha maji yanayoshuka hufuata uzalishaji wa umeme na usalama wa bwawa lenyewe. Maji yanaweza kuongezeka kwa saa chache tu. Mchanga uliokuwa mkavu asubuhi, ambapo mtu ameegesha mtumbwi na kupiga hema, hauna dhamana ya kubaki mkavu hadi jioni. Kila anayepanga kuvua kati ya bwawa na Utete aulizie mapema kwa mamlaka za wilaya kama kuna tangazo la kufungulia maji, na asilale kwenye visiwa vya mchanga katikati ya mto. Yaliyotokea Rufiji na Kibiti katika mafuriko ya Aprili 2024, mashamba yakazama na familia zikahama, yanatosha kutuonyesha uzito wa mto huu.

Ukuta wa bwawa hilo pia hukata njia ya samaki wanaopanda mto kwenda kuzaliana. Chini ya mabwawa makubwa, samaki wa namna hiyo hujikusanya kwa wingi kwa sababu hawana pa kupita, na kwa mvuvi huonekana kama neema. Kwa maoni yangu, ni mahali pa kuacha. Samaki aliyekwama amechoka, hana chakula cha kutosha, na wengi wao wamebeba mayai.

Samaki anayewaleta watu Rufiji kutoka pande nyingi za dunia ni njege, samaki mla nyama ambaye kwa Kiingereza huitwa tigerfish. Jamii mbili za njege huishi katika bonde hili, na mojawapo, ambayo kwa jina la kisayansi ni *Hydrocynus tanzaniae*, ilitambuliwa rasmi mwaka 1986 na inajulikana katika mito ya mashariki mwa Tanzania tu. Ukimtazama kwa karibu utaona ubavu wa fedha wenye mng’ao wa buluu, mistari myeusi inayokimbia kutoka shingoni hadi mkiani, na meno makubwa yaliyochongoka ambayo hubaki nje hata mdomo ukifungwa, ya juu yakiingia katika nafasi za ya chini. Meno hayo hukata mshipi wa nailoni mara moja, ndiyo sababu kipande cha waya kati ya mshipi na ndoana ni cha lazima. Mvuvi asiyeweka waya hapotezi chambo chake tu: humwacha samaki akiogelea na ndoana mdomoni.

Njege wakubwa kwa kawaida ni majike, na hapo ndipo ninapoomba msomaji atulie. Jike mwenye kilo saba au kumi amechukua miaka mingi kufikia umbo hilo, na mayai anayotaga ni mengi mno kuliko ya jike mdogo. Kumtoa mmoja huyo mtoni ni kuondoa sehemu kubwa ya kizazi kijacho. Wavuvi wengi wa kitalii wamekubali utaratibu wa kukamata na kuachia, jambo jema, lakini kuachia si kutupa majini tu. Njege hupigana kwa nguvu zake zote, huruka juu ya maji akitikisa kichwa, na anapofika kwenye mtumbwi misuli yake imejaa asidi na damu yake imepungukiwa oksijeni. Hali hiyo huwa mbaya zaidi Oktoba na Novemba, kwa sababu maji yamepungua na yamepata joto, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo. Kwa bahati mbaya, hiyo ndiyo miezi inayopendwa sana na wavuvi.

Kwa hiyo tumia mshipi wenye nguvu ya kutosha ili pambano liwe fupi. Bana kwa koleo kile kijino cha ndani ya ndoana kinachozuia samaki asichomoke, ili ndoana itoke bila kurarua. Mdomo wa njege ni mfupa mtupu, na ndoana za ncha tatu zikiingia kwenye matamvua humfanya avuje damu hadi kufa. Tumia wavu laini wa mpini, mwache samaki ndani ya wavu ukiwa majini, lowesha mikono kabla ya kumgusa ili usibandue ute unaomkinga na magonjwa, na umchomoe ndoana hapohapo. Kama ni lazima kupiga picha, kamera iwe tayari kwanza, na samaki akae nje ya maji kwa muda usiozidi ule ambao wewe mwenyewe unaweza kubana pumzi bila taabu. Usimning’inize kwa taya wala usimlaze kwenye mbao za mtumbwi zilizopigwa na jua. Baadaye mshike kwa mkono mmoja penye shina la mkia na mwingine chini ya tumbo, kichwa kikielekea maji yanakotoka, umwache matamvua yafanye kazi mpaka aondoke kwa nguvu zake. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, na dakika hizo usizikatishe. Mikono iliyo majini iwe karibu na mtumbwi, na mwenzako awe anaangalia mto, kwa sababu mamba wa Rufiji na Kilombero wamejifunza kufuata samaki aliyechoka.

Mimi ningependa uvuvi wa njege usimame kila siku kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni katika miezi ya joto, na usimame kabisa mvua za kwanza zinapotia maji udongo, kwa kuwa huo ndio wakati njege hujiandaa kutaga. Sisemi kwamba sheria ndivyo inavyoagiza. Ninasema kwamba mvuvi anayejali anaweza kujiwekea mpaka huo bila kusubiri kanuni.

Perege wa Rufiji anahitaji uangalifu wa namna nyingine. Dume huchimba kiota cha duara kwenye maji mafupi ya pembeni, na jike hubeba mayai, kisha vifaranga, ndani ya kinywa chake. Ukimvuta jike wa namna hiyo kwa ndoana, mara nyingi huyatema yote kabla hujamgusa. Ukiona viota hivyo vya duara vimepangana chini ya maji ya kando, hama ukatupe ndoana kwingine. Wala usilete samaki hai kutoka bwawa au ziwa jingine kwa ajili ya chambo. Sato, ambaye asili yake si mto huu, amesambazwa katika maji mengi ya nchi, na anapokutana na perege wa asili huzaana naye. Mchanganyiko huo umekwisha kuthibitishwa na watafiti, na ukishaingia katika mto hauwezi kuondolewa.

Jambo la mwisho linawahusu watu. Wavuvi wa mitumbwi wa Ifakara, Malinyi na Utete wanaishi kwa kambale, kitoga na perege, na kwao kumtazama mgeni akirudisha samaki mkubwa majini si jambo la kueleweka haraka. Mgeni akodi mtumbwi wa kijijini na mwongoza njia wa kijijini, aeleze anachokifanya, na asitupe ndoana karibu na nyavu au mitego iliyotegwa kihalali. Samaki wa kula wachukuliwe kutoka jamii zilizo nyingi, kwa idadi inayoruhusiwa na kibali, na wasichukuliwe kwa ajili ya kuoza kambini.

Endapo utakuta samaki wengi wa jamii mbalimbali, wakubwa kwa wadogo, wakielea kwa pamoja, usiwaokote wala usiwale, kwani huenda maji yametiwa sumu. Andika jina la mahali, tarehe na saa, piga picha zinazoonyesha ukingo na maji, waonye walio karibu wasichote maji hayo, kisha toa taarifa kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri au kituo cha karibu cha askari wa hifadhi siku hiyohiyo, kwa sababu ushahidi wa sumu mtoni hupungua kila saa maji yanapoendelea kupita.