Nipo Nipo Tu

Ukitaka kujua kama kibarua cha mtu kimeota nyasi, usimuulize habari za kazi. Msalimie tu njiani, pale Igogo au Mabatini, kisha tupia lile swali letu la kila siku: "Siku hizi uko wapi?" Mwenye kazi atataja mahali: kiwandani, bandarini, hospitali ya Bugando, halmashauri. Aliyepunguzwa atacheka kidogo, ataangalia upande wa ziwani kama vile kuna meli anaisubiri, halafu atasema, "Aah, nipo nipo tu."

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na jibu hilo limekuwa kama mkate wangu. Wengi wanaokuja kwangu walikuwa kwenye viwanda vya minofu ya samaki hapa Mwanza. Hawaji kwa sababu wamepunguzwa kazi. Wanakuja kwa sababu ndoa inayumba, au presha imepanda, au mtoto wa kidato cha pili amegoma kwenda shule. Tukishakaa nusu saa ndipo linatoka, tena kwa mlango wa nyuma: "Si unajua tangu Machi sipo tena pale."

Sipo tena pale. Hatuulizani sana "unafanya nini", tunaulizana "unafanya wapi". Kazi kwetu ni mahali, na mahali pana watu. Ukinitajia kiwanda umenitajia pia zamu yako, daladala unayodandia alfajiri, mama anayekukopesha chapati getini, na wale unaocheza nao mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu. Hata neno kibarua lilianza kama barua ndogo, kile kikaratasi cha mfanyakazi wa kutwa kinachoonyesha siku alizofanya. Mtu akinyang'anywa kikaratasi hicho, ushahidi kwamba alikuwepo unabaki kwa nani?

Baba Kulwa (majina yote humu nimeyabadilisha) alikata minofu miaka minane. Ni kazi ya kusimama. Gambuti miguuni, aproni kifuani, maji ya barafu yanachuruzika sakafuni, na sangara wanakuja tu. Kisu kinaingia nyuma ya kichwa, kinateleza juu ya mfupa wa mgongo mpaka mkiani. Geuza, upande wa pili. Mnofu unaendelea na meza kuelekea kwenye majokofu na ndege. Bondo, ule mfuko wa hewa wa tumboni mwa samaki, linatolewa kivyake, maana siku hizi kwa kilo lina bei kuliko mnofu, wanunuzi wake wako China. Panki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki, linatoka getini kuja kwetu wa mtaani. Mnofu Ulaya, panki Igogo. Mgawanyo huo kila mtoto wa hapa anaujua kabla ya kujua jedwali la kuzidisha.

Wiki ya tatu baada ya kupunguzwa, shemeji yake alimletea sato mkubwa kutoka Ukerewe. Baba Kulwa akachukua kisu mwenyewe, akakinoa kwenye jiwe la mlangoni, akamkata yule sato kwa mikato ileile. Minofu miwili safi akaiweka pembeni kwenye sahani, akaifunika. Panki akampa mkewe apike. Mkewe akaliweka chunguni bila neno. Watoto wakala ugali na panki, wakalala. Usiku alipoamka kunywa maji akaiona ile sahani iliyofunikwa, akasimama nayo mkononi akijiuliza ile minofu alikuwa amemwekea nani.

Alinisimulia huku anacheka, tukacheka wote. Kisha akanyamaza, akasema, "Dada, pale nilikuwa mtu wa mkono mwepesi. Wageni wakija kukagua, nilikuwa nawekwa mbele. Hapa nyumbani mkono mwepesi ni wa kazi gani?"

Katika taaluma yetu kuna utafiti wa zamani ambao bado nauegemea. Marienthal, kijiji kimoja cha Austria kilichoishi kwa kiwanda cha nguo, kiwanda kilifungwa kati ya 1929 na 1930. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel wakaenda kuangalia watu wanaishije, wakachapisha walichokiona mwaka 1933. Ungetegemea watu wenye muda wote huo wasome zaidi. Uazimaji wa vitabu kwenye maktaba ya kijiji ulishuka. Watafiti walipima hata mwendo wa watu barabarani: wanaume walijikokota, wanasimama, wanaanza tena, wanawake walipita haraka, kwa sababu chungu cha nyumbani hakijui habari za kiwanda kufungwa. Baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi, mbali na mshahara, inampa mtu mpangilio wa siku, watu nje ya ukoo wake, lengo la pamoja, hadhi, na ulazima wa kufanya kitu.

Naikubali orodha hiyo yote. Lakini Marienthal kilifungwa kiwanda kizima, wakaanguka pamoja. Hapa kwetu kuanguka pamoja kulitokea mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia. Siku hizi mambo huja kidogo kidogo. Sangara anapungua, anayepatikana ni mdogo, na chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Mashine zinakaa njaa. Zamu inafutwa, halafu karatasi yenye majina inabandikwa ukutani. Jina lako lipo, la jirani yako wa meza halipo. Hapo ndipo urafiki unapopasuka, na hupasuka mahali ambapo methali zetu hazikuangalia.

Methali inasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wateja wangu wanaipenda mno. Wanaitumia kama rungu: "Nimewajua marafiki zangu, dada, hakuna hata mmoja aliyenitafuta." Mimi huwauliza swali moja tu, na huwa linaleta ukimya: "Simu yako iliwashwa?" Kwa niliyoyaona, mara nyingi aliyekimbia wa kwanza ni mwenye dhiki mwenyewe.

Chukua meza moja ya kina mama, kumi kwa idadi, wasafisha minofu. Walikuwa na mchezo: kila Jumamosi elfu kumi kumi, mmoja anaondoka na laki. Kijumbe, mama mtu mzima wa Mkuyuni, anashika daftari. Walipofika mzunguko wa nne karatasi ikabandikwa, watano wakatoka. Kati ya hao watano, wawili walikuwa wameshapokea, watatu bado.

Wale watatu ambao hawajapokea hawakupotea hata kidogo. Kila Jumamosi walikuwa uani kwa kijumbe, wanadai zamu zao, wanabishana, wanachoma mahindi, wanajua nani kaumwa na nani kajifungua. Wawili waliokwisha kupokea hawakuonekana tena. Mama Neema, aliyepokea wa kwanza kabisa, alikuwa amechangia mara nne, kwa hiyo alibakiza elfu sitini. Akabadili laini ya simu. Soko akalihama, akawa anapanda mpaka Igoma kununua nyanya zilizojaa Igogo. Kijumbe ndiye aliyempokea mtoto wake wa mwisho siku chupa ilipompasukia kwenye daladala. Walikuwa wamejuana miaka sita. Ukigawa, ni elfu kumi kwa mwaka.

Nilipowauliza wenzake walisema, "Katudharau." Nilipomuuliza yeye alisema, "Watakuwa wananicheka." Hakuna aliyekuwa anamcheka. Kijumbe alikuwa ameshaanza kufidia pengo lake kwa fedha za dagaa, bila kumwambia mtu.

Ndiyo maana nasema urafiki wa kazini unabebwa na vitu vidogo vinavyozunguka: mchezo, chai ya kupokezana, michango. Hasa michango. Kila meza ina grupu la WhatsApp, na kila wiki kuna harusi, kuna msiba, kuna mtoto kalazwa Bugando au Sekou Toure. Orodha inapita: jina, kiasi, alama ya tiki. Aliyepunguzwa anaitazama orodha inarefuka, jina lake halina tiki. Siku ya kwanza anaandika "nitatuma kesho". Siku ya pili ananyamaza. Mwezi wa pili ujumbe wa kijivu unatokea kwamba fulani ametoka kwenye grupu, na wote wanauona, na hakuna anayeandika neno. Wanaogopa wakimuuliza itaonekana wanamdai. Waliobaki kazini nao wana mzigo wao ambao hawausemi. Mmoja aliniambia alikuwa anapita njia ya juu kwenye mawe, mlima mzima, asipite mbele ya nyumba ya mwenzake akiwa amevaa sare.

Sina haki ya kuwacheka. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye mradi, mradi ukaisha kama miradi inavyoisha: barua pepe Ijumaa, funguo Jumatatu. Kitambulisho cha kuning'iniza shingoni nilikitundika kwenye msumari chumbani, nikawa nakivaa nikienda benki. Siku moja nikamwona aliyekuwa dereva wetu, mzee mwema, Makoroboi katikati ya watu. Nikajichomeka kwenye kibanda cha vitenge, nikashikashika vitambaa visivyo na bei mfukoni mwangu mpaka akapita. Mwenye kibanda akaniuliza, "Unachukua, dada, au umejificha?"

Sasa aibu hii ina gharama ya fedha taslimu, na hapa nitasimama kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao au na chama chao kabla hajaamua nani aondoke. Aliyekamilisha miezi 12 ya kazi mfululizo anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, mpaka miaka 10. Baba Kulwa, tuseme mshahara wa msingi ulikuwa 300,000: gawa kwa siku 26 za kazi, zidisha kwa siku 56 za miaka yake minane, unapata kama 646,000. Juu yake kuna malipo ya notisi kama hakupewa notisi, likizo aliyoidai, cheti cha utumishi, na kama aliajiriwa mbali, usafiri wa kumrudisha alikochukuliwa. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nao wana fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi mwenyewe.

Mambo haya hakuna anayeyasoma ukutani. Watu huambiana. Fulani kalipwa likizo, kumbe na mimi nilistahili. Fulani kaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kaitwa. Na kwenye Tume, anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kufungua shauri. Akichelewa inabidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze kwa nini alichelewa. Mtu aliyebadili laini na kuhama soko anazipitisha siku 30 akiwa ndani, na "niliona aibu" si sababu ninayoweza kumshauri aiandike kwenye fomu. Mama Neema alikuja kwangu mwezi wa tatu baada ya kupunguzwa. Wale watatu wa mahindi ya kuchoma walikuwa wameshafungua shauri wiki ya pili, wote pamoja, kwa nauli moja ya kuchangishana.

Kwa hiyo siku hizi mtu akikaa kwenye kiti changu sianzi na ushauri wa biashara ndogo. Kila anayepunguzwa anaambiwa auze dagaa, na pale Mwaloni Kirumba wauza dagaa wanakanyagana. Naanza na daftari: unadaiwa na nani, na ni nani unayempitia mbali? Kisha tunatafuta njia ya kurudi isiyo na fedha. Msibani kuna maji ya kuteka, kuna kuni, kuna masufuria ya kuosha mpaka usiku wa manane, na mtu aliyeosha masufuria hakuna anayemwangalia tiki. Mkono mtupu haulambwi, wanasema, lakini mkono wenye majivu ya sufuria nimeuona ukishikwa. Baba Kulwa alirudi kwa njia hiyo. Msiba wa mwenzake wa zamu, walileta samaki wa kulisha watu mia na zaidi, na hakukuwa na mtu wa kuwakata kwa haraka. Alikwenda nyumbani kuchukua kisu chake.

Kwa Mama Neema bado. Elfu sitini amefikisha arobaini, anampa mtoto wake mkubwa apeleke, mwenyewe haendi. Kina mama wameanza mchezo mpya uani kwa kijumbe, wa elfu moja moja, waliopo kazini na wasiokuwepo. Nilikuwa pale Jumamosi iliyopita. Kijumbe alifungua daftari, akasoma majina moja moja huku anapokea noti. Alipofika kwenye jina la Mama Neema hakuna aliyeitika. Akatoa elfu moja kwenye pindo la kanga yake, akaiweka juu ya zile nyingine, akasoma jina linalofuata.