Asiyejua hajioni bora kuliko mjuzi

Wengi husema utafiti wa wanasaikolojia David Dunning na Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, uliochapishwa 1999, ulithibitisha kwamba wasiojua hujiona bora kuliko wataalamu. Sivyo. Washiriki walifanya majaribio, kisha wakakisia nafasi yao kati ya wenzao. Robo ya washiriki wenye alama za chini kabisa, ambao kwa wastani waliwashinda watu 12 tu katika kila 100, walidhani wamewashinda 62. Ni kosa kubwa mno, lakini bado walijiweka chini ya pale robo ya juu walipojiweka. Hao wa juu nao walijipunja: kilichokuwa rahisi kwao walidhani ni rahisi kwa kila mtu, na hili, kwa bahati mbaya, husemwa mara chache.

Chanzo kimoja cha kosa la wale wa chini ni kwamba ujuzi wa kufanya ndio huohuo wa kukagua. Asiyejua kanuni ya sarufi haoni kosa aliloandika.

Basi usijiulize kama una akili. Swali hilo ni pana mno, hujibiwa na hali ya moyo wa siku hiyo. Fanya maswali 20, andika unadhani umepata mangapi, kisha asahihishe mwingine. Ukikisia 15 ukapata 9, pengo ni 6. Rudia kwa mada nyingine, maana pengo la hesabu halisemi lolote kuhusu uandishi wako.