Skimu juu ya rangi ya vinundu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana inayoharibu kuta nyingi ni kwamba skimu, yaani tabaka jembamba la kusawazisha ukuta, hushika juu ya rangi yoyote, hata ile ya vinundu yenye uso uliokwaruza. Ukweli ni kwamba skimu hushika rangi, nayo rangi hushika lipu, kwa hiyo rangi ya zamani ikiwa imelegea, vyote viwili vitabanduka pamoja, hata kama fundi ni hodari na mchanganyiko wake ni wa bei ya juu. Kabla ya kununua chochote, chora kwa wembe mistari inayokatana, bandika selotepu kwa nguvu, kisha ivute ghafla. Ikitoka na magamba ya rangi, sehemu hiyo ikwanguliwe hadi kwenye lipu. Chokaa inayoacha unga kiganjani nayo isuguliwe itoke yote. Rangi ya mafuta inahitaji uangalifu zaidi: ioshwe kwa sabuni, ipigwe msasa mpaka mng'ao upotee, kisha ipakwe praima ya kushikisha, yaani rangi ya kwanza inayosaidia skimu kushika. Kazi hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili malipo makubwa kuliko kupaka kwenyewe.

Wengine husema mkono mmoja mnene, yaani tabaka moja la skimu, unatosha kufunika vinundu. Skimu nene husinyaa ikikauka, ikapasuka. Vinundu vilivyochomoza vikwanguliwe kwanza kwa skrepa, kisha ipakwe mikono miwili au mitatu, kila mmoja wa milimita 1 hadi 2, na kila mmoja ukauke kabla ya unaofuata.

Si kweli pia kwamba skimu huzuia unyevu. Katika nyumba za pwani, kama Dar es Salaam na Zanzibar, maji yanayopanda kutoka ardhini hubeba chumvi, ambayo husukuma rangi na skimu nje. Skimu ya jasi hulainika ikilowa. Chanzo cha maji kitengenezwe kwanza, na bafuni itumike skimu ya saruji.

Wapo wanaodhani vumbi la msasa ni usumbufu tu. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Rangi ya aina hiyo isipigwe msasa ikiwa kavu: ilowanishwe, watoto na wajawazito wakae mbali, fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini badala ya kitambaa, na sakafu ifutwe kwa tambara bichi badala ya kufagiliwa.